Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Vizimba, Kitabu na Kengele ya King's Chapel

Ndugu wanachama,

Mkutano mkuu uliopita ulitukabidhi kazi moja, nayo ni kuandika kwa Kiswahili historia ya kusanyiko moja la Kiunitari, tangu mwanzo wake hadi leo, kwa lugha ambayo msomaji wa kawaida ataifuata bila kuhitaji mkalimani. Kamati ilichagua King's Chapel ya Boston, Marekani. Rasimu mnayo mikononi. Taarifa hii inasema imefikia wapi, imekwama wapi, na makosa gani yamo ndani yake ambayo lazima yaondolewe kabla haijaenda kwa mchapaji. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina.

Kwa wanachama wapya: Waunitari walianza kama Wakristo wanaoshika kwamba Mungu ni nafsi moja tu, na kwamba Yesu ni mjumbe wake, si sehemu ya Utatu. Leo wengi wao wamekwenda mbali zaidi, hata wasioamini Mungu wana nafasi katika baadhi ya makusanyiko yao. King's Chapel haikufika huko. Bado inasali kwa kitabu, bado ina mimbari ya mwaka 1717, na mgeni akiingia Jumapili anaweza kudhani yuko kwa Waanglikana. Ndiyo maana tuliichagua. Ukiweza kueleza namna kanisa la mfalme wa Uingereza lilivyogeuka la kwanza nchini Marekani kuufuta Utatu katika ibada yake, mengine yote ya madhehebu haya yanakuwa mepesi.

Kamati imefikia jibu moja, na naliweka mapema ili mlipime mnaposoma: kusanyiko hili lilibadili imani kwa sababu ya mfumo wa umiliki wa viti. Mahubiri yalikuwapo, na mhubiri alikuwa hodari, lakini bila ule mfumo yangebaki mahubiri.

Mwanzo usio wa kiliberali

Rasimu, sura ya kwanza, inafungua kwa kusema kusanyiko "liliasisiwa na watu waliotafuta uhuru wa dini". Hapana. Mwaka 1686 Boston ilikuwa mji wa Wapuritani, Waprotestanti waliopinga maaskofu na taratibu za Kanisa la Uingereza, kwa zaidi ya miaka hamsini, na Kanisa la Uingereza halikuwa na hata chumba humo. Mei mwaka huo kasisi Robert Ratcliffe aliteremka kutoka manowari Rose, na mwezi uliofuata kusanyiko likaundwa, likisali katika jumba la mji. Desemba akaja gavana Edmund Andros. Aliomba nafasi katika majumba ya ibada ya Wapuritani, akanyimwa. Mwaka 1687 akaingia kwa amri katika South Meeting House, na wenye jumba wakawa wanangoja nje hadi Waanglikana wamalize. Hakuna aliyekubali kuuza kiwanja. Mwaka 1688 serikali ikakata kona ya makaburi ya mji na kujenga kanisa la mbao hapo. Andros alipinduliwa na wananchi tarehe 18 Aprili 1689, jengo likafunguliwa miezi michache baadaye, yeye akiwa mahabusu.

Hapo hapo kuna kosa la pili. Rasimu inayaita "makaburi ya kanisa". Makaburi yale yana umri wa tangu 1630, ni mali ya mji, na aliyelala pale kwa heshima kubwa ni John Winthrop, gavana wa Kipuritani aliyefariki 1649, ambaye angeliona kanisa la askofu limesimama miguuni pake angefanya nini, sijui. Jina King's Chapel Burying Ground limetokana na ujirani tu.

Majina, tarehe na pauni

Sehemu hii ndiyo iliyotula muda mwingi kuliko zote, kwa hiyo nitakaa nayo.

Kusanyiko limetajwa kwa majina matatu. Lilikuwa King's Chapel. Wakati wa malkia Anne, 1702 hadi 1714, likawa Queen's Chapel. Na baada ya mapinduzi ya 1776, Marekani ilipojitenga na Uingereza kwa vita, neno "mfalme" lilipochusha masikioni mwa watu, likawa Stone Chapel, yaani kanisa la mawe, hadi jina la zamani liliporudi polepole. Msaidizi aliyetengeneza jedwali la matukio alihesabu Stone Chapel kama kanisa jingine, na matukio ya miaka ya 1780 yakapotea. Ukikuta jina hilo katika hati za Boston za enzi hiyo, ni kanisa lile lile.

Tarehe nazo zina mtego. Uingereza na makoloni yake yalishika kalenda ya kale hadi 1752, na mwaka wao wa kisheria ulianza tarehe 25 Machi. Kwa hiyo Februari tunayoiita ya 1689, wao waliiandika ya 1688, au kwa tahadhari 1688/9. Juu ya hayo siku zao zilikuwa nyuma ya kalenda mpya kwa siku 10 kabla ya Machi 1700 na 11 baada ya hapo. Mwaka 1752 walilala tarehe 2 Septemba wakaamka tarehe 14. Utaratibu tuliokubaliana ni huu: siku na mwezi tunaziacha kama zilivyoandikwa katika hati, mwaka tunausahihisha ukiwa kati ya 1 Januari na 24 Machi. Msijaribu kusogeza siku. Mmoja wetu alisogeza kwa siku 11 tarehe ya jiwe la msingi, ambayo ni 11 Agosti 1749, na matokeo yake ikawa haifanani na kitabu chochote duniani.

Fedha ndiyo mbaya zaidi. "Pauni" katika daftari la ujenzi inaweza kuwa pauni tatu tofauti: pauni ya Uingereza, pauni halali ya Massachusetts, na pauni ya noti za zamani zilizokwisha kuporomoka thamani. Koloni lilirudi kwenye fedha ya madini mwaka 1750, na kipimo kilichotumika ni dola ya Kihispania: dola moja ilikuwa shilingi 45 za noti za zamani, shilingi 6 za fedha halali, na shilingi 4 na peni 6 za Uingereza. Kwa hiyo pauni 1,000 za noti za zamani ni pauni 133 shilingi 6 peni 8 za fedha halali, na ni pauni 100 tu za Uingereza. Rasimu imechanganya zote tatu katika ukurasa mmoja, na msomaji ataona kanisa limegharimu mara kumi ya lilivyogharimu. Kila tarakimu ya fedha lazima iwe na alama ya aina yake. Isiyojulikana aina yake ifutwe. Na kipimo hiki kisitumike kwa mwaka 1713 au 1730, kwa kuwa noti zilikuwa zikishuka mwaka hadi mwaka na kipimo cha 1750 hakiihusu miaka hiyo.

(Fedha iliyowezesha koloni kurudi kwenye madini ilikuwa fidia ya Bunge la Uingereza kwa vita vya kuiteka Louisbourg, ngome ya Wafaransa, mwaka 1745, vita vilivyopangwa na gavana William Shirley. Shirley huyo huyo ndiye aliyeweka jiwe la msingi la kanisa.)

Kanisa ndani ya kanisa

Kufikia miaka ya 1740 jengo la mbao lilikuwa limeoza. Kupata nafasi ya jengo kubwa kulihitaji kiwanja cha shule ya Latini iliyokuwa nyuma yake. Mkutano wa mji wa mwaka 1748 ulikubali kwa kura 205 dhidi ya 197, kwa sharti kwamba kanisa liwajengee wenye shule jengo jipya ng'ambo ya barabara. Tofauti ya kura nane tu.

Ramani ilichorwa na Peter Harrison wa Newport. Mawe ya itale yaliokotwa juu ya ardhi huko Braintree, sehemu ambayo leo ni Quincy, kwani hakukuwa bado na machimbo ya kweli. Namna ya kuyapasua ilikuwa kuwasha moto juu ya jiwe, kisha kulidondoshea mpira mzito wa chuma. Kazi ya namna hii hutoa mawe yasiyolingana, ndiyo maana ukuta una sura ya ukali hadi leo.

Kuta za mawe zilipanda kulizunguka kanisa la mbao huku watu wakiendelea kusali ndani. Ukuta ulipokaribia kukamilika, la ndani likabomolewa ubao kwa ubao na kutolewa kupitia madirisha. Mbao hazikutupwa. Zilisafirishwa hadi Lunenburg, Nova Scotia, zikajengewa kanisa la Mtakatifu Yohana, lililoungua usiku wa 31 Oktoba 2001 na kujengwa tena. Jengo la mawe lilifunguliwa Agosti 1754.

Mnara wenye ncha uliokuwa kwenye ramani haukujengwa, fedha zilikwisha. Wanachama waliotazama picha wameuliza kwa nini kanisa linaonekana kama limekatwa kichwa. Sababu ndiyo hiyo. Nguzo za nje za barazani, ambazo rasimu inaziita "nguzo za mawe", ni za mbao zilizopakwa rangi ya kufanana na jiwe. Ziliongezwa baada ya vita, na hata mwaka 1789 baraza lilikuwa bado linatafutiwa fedha: tarehe 27 Oktoba mwaka huo George Washington alihudhuria tamasha la muziki lililoandaliwa kwa ajili hiyo.

Kinanda kimepewa kurasa sita katika rasimu. Ni nyingi mno. Yatosha kusema kwamba Thomas Brattle, katika wosia wake wa 1713, aliacha kinanda cha mabomba kwa kanisa la Brattle Street, na wakikikataa kiende King's Chapel. Wapuritani walikikataa kwa kuwa hawakuona ala za muziki zikiamriwa katika ibada. Leo kiko Portsmouth, New Hampshire. Kinachopigwa sasa King's Chapel kilitengenezwa na karakana ya C. B. Fisk mwaka 1964.

Vizimba

Sasa kiini. Viti vya kanisa hili si mabenchi. Ni vizimba vya mbao vyenye kuta za kiunoni na mlango, vilivyojengwa hivyo kuzuia baridi, kwa sababu jengo halikuwa na joto. Neno "kizimba" tulilichagua baada ya mjadala mrefu, na limetusaidia kuliko tulivyotarajia, kwa sababu kizimba cha kanisani kiliendeshwa sawasawa na kizimba cha sokoni. Kina namba. Kina mwenyewe mwenye hati. Mwenyewe anaweza kukiuza au kukirithisha. Analipa ushuru wa kila kipindi, na ushuru huo ndio mshahara wa kasisi. Akishindwa kulipa, au akitoweka, uongozi unaweza kukichukua na kukiuza.

Na mwenye kizimba ndiye mwenye kura. Aliyebatizwa, akashiriki meza ya Bwana kila mwezi, lakini akakaa roshani kwa kuwa hana kizimba, hakuwa na sauti katika mkutano wa wamiliki.

Machi 1776 jeshi la Uingereza liliondoka Boston. Kasisi Henry Caner aliondoka nalo, akiwa na madaftari ya ubatizo na ndoa na vyombo vya fedha vya altare vya wakia 2,800, karibu kilo 87. Vyombo havikurudi. Baadhi ya madaftari yalirudi mwaka 1805 kutoka kwa warithi wake, na hiyo ndiyo sababu kumbukumbu za kabla ya vita zina mapengo. Msizijaze kwa kubahatisha. Waliofuatana na Caner walikuwa wale wenye uaminifu mkubwa kwa mfalme, ambao ndio hao hao waliokuwa na uaminifu mkubwa kwa mafundisho ya Kanisa la Uingereza. Kwa miaka mitano hivi jengo likatumiwa na watu wa Old South, uzao wa wale walioporwa jumba lao na Andros. Jumba lao lenyewe lilikuwa limegeuzwa na wanajeshi kuwa uwanja wa kufundishia farasi. Wenye King's Chapel waliwakaribisha bila masharti makubwa, na deni la 1687 likawa kama limelipwa.

Wamiliki wachache waliobaki walipojikusanya tena mwaka 1782, walimwajiri kijana James Freeman, mhitimu wa Harvard mwenye umri wa miaka 23, kama msomaji wa ibada. Hakuwa kasisi. Vizimba vya waliokimbia vilihesabiwa vimeachwa, vikauzwa kwa watu wapya. Mnaona kilichotokea: daftari la wapiga kura lilibadilika karibu lote bila mtu kupiga kelele za imani. Baadaye baadhi ya wamiliki wa zamani walitoa pingamizi la maandishi, wakidai wamenyang'anywa. Kisheria walikuwa wamechelewa.

Kitabu

Freeman alianza kuona uzito kusoma Imani ya Atanasio, ungamo la kale linalotangaza Utatu, na maombi yanayoelekezwa kwa Utatu. Alizungumza na William Hazlitt, mhubiri wa Kiunitari kutoka Uingereza aliyekuwa Boston wakati huo, na akapata kitabu cha sala cha Theophilus Lindsey, aliyeacha ukasisi wa Kianglikana 1773 na kufungua ibada ya Kiunitari katika mtaa wa Essex, London, Aprili 1774. Lindsey naye alifuata masahihisho ambayo Samuel Clarke, kasisi wa London, aliyaandika kwa mkono katika nakala yake ya Kitabu cha Sala miongo kadhaa kabla. Kwa hiyo rasimu inaposema Freeman "alitunga kitabu kipya" inamwongezea sifa asiyostahili na kumpunguzia anayostahili. Alihariri.

Alihubiri mfululizo wa mahubiri juu ya Utatu, akitarajia kufukuzwa. Tarehe 19 Juni 1785 wamiliki walipiga kura juu ya kitabu kilichosahihishwa: 20 wakakubali, 7 wakakataa. Watu 27 kwa jumla. Waliokataa walikuwa na pa kwenda, kwani Boston ilikuwa na makanisa mengine mawili ya Kianglikana, Christ Church na Trinity.

Atakayetaka kulinganisha toleo la 1785 na Kitabu cha Sala cha Kianglikana asianze ukurasa wa kwanza, atachoka kabla ya kukutana na tofauti. Atazame mwisho wa zaburi: mahali pa "Atukuzwe Baba na Mwana na Roho Mtakatifu" pamewekwa maneno ya waraka wa kwanza wa Paulo kwa Timotheo, 1:17, ya kumpa heshima Mfalme wa milele, asiyeonekana, aliye Mungu peke yake, kwa njia ya Yesu Kristo. Atazame mwanzo wa Litania, yaani sala ndefu ya kuitikizana: kwa Waanglikana kuna maombi manne, kwa Baba, kwa Mwana, kwa Roho, na kwa Utatu, hapa limebaki linalomwelekea Baba. Kisha atafute Imani ya Nikea na ya Atanasio. Hatazikuta. Kasoro inayojitokeza mara nyingi ni mtu kuchukua toleo la 1811 au la 1828 akidhani ni la 1785, kwa kuwa mpangilio unafanana. Lakini maneno hayafanani yote. Toleo linalotumika sasa ni la tisa, la mwaka 1986. Atazame mwaka kwanza, ndipo asome.

Kuwekewa mikono

Msomaji wa ibada hawezi kutoa komunyo kwa taratibu za Kianglikana. Freeman aliomba daraja ya ukasisi kwa askofu Samuel Seabury wa Connecticut, askofu na makasisi wake wakamhoji, wakamkataa. Akaomba kwa Samuel Provoost wa New York. Naye akasukuma jambo mbele kwenye mkutano mkuu. Wamiliki wakachoka kungoja. Jumapili ya 18 Novemba 1787, baada ya ibada ya jioni, mzee mkuu wa kanisa, daktari Thomas Bulfinch, alimwekea mkono Freeman na kumkabidhi Biblia kwa jina la kusanyiko. Hakuna askofu wala kasisi aliyeshiriki tendo lenyewe. Msingi wao wa kisheria ulikuwa ibara ya tatu ya tamko la haki katika katiba ya Massachusetts ya 1780, inayoyapa makusanyiko haki ya kujichagulia walimu wa dini.

Rasimu inalitaja tendo hili kwa mstari mmoja. Lipewe ukurasa mzima, kwa sababu ndipo kanisa lilipotoka rasmi mikononi mwa maaskofu. Kura ya 1785 ilibadili maneno tu. Hadi Novemba 1787 askofu mwenye moyo mpana angeweza bado kuwarudisha kundini. Freeman alihudumu pale hadi alipostaafu 1826.

Kuhusu sifa ya "kanisa la kwanza la Kiunitari", barua za wanachama zimekuwa kali, na pande zote zina haki kidogo. Kwa dunia nzima si kweli: Waunitari wa Transilvania, leo sehemu ya Rumania, wanahesabu tangu 1568. Kwa Marekani, King's Chapel ni ya kwanza kuufuta Utatu katika ibada. Kanisa la Philadelphia la 1796, lililoanzishwa kwa kuhimizwa na Joseph Priestley, ni la kwanza kujitambulisha kwa jina la Kiunitari. Na Plymouth na Salem ni makusanyiko ya zamani zaidi kwa umri, lakini yalikuwa ya Kipuritani na yakaingia Uunitari baadaye. Andikeni kipimo, kisha sifa.

Linganisheni pia na Dedham, karibu na Boston. Mwaka 1818 walipa kodi wa parokia walimchagua mchungaji wa kiliberali, yaani mwenye kuelekea Uunitari, dhidi ya matakwa ya wengi wa washiriki wa meza ya Bwana, na mahakama kuu ya jimbo ikaamua kwamba parokia ndiyo yenye haki na mali. Swali ni lile lile la vizimba, nani ana kura, na baada ya uamuzi ule makusanyiko mengi ya Massachusetts yaligawanyika huku waliberali wakibaki na majengo.

Karne ya kumi na tisa na ya ishirini naipita haraka kwa kuwa rasimu imeiandika vizuri: mahubiri ya William Ellery Channing huko Baltimore 1819, kuundwa kwa American Unitarian Association 1825, na muungano na Wauniversalisti, wanaoshika kwamba watu wote wataokolewa mwishowe, mwaka 1961. King's Chapel ilikuwamo katika yote na haikuacha kitabu chake. Kengele peke yake inahitaji sahihisho. Iliyoletwa 1772 ilipasuka 1814. Ikasubiwa upya na Paul Revere na mwanawe, ikatundikwa 1816, ikiwa na uzito wa pauni 2,437. Rasimu inasema "ilitengenezwa na Revere 1772".

Ukuta unaosema nusu

Sura ambayo haijaandikwa kabisa ni ya watumwa, na haiwezi kuachwa. Jengo la 1754 lilichangiwa na matajiri wa biashara ya bahari. Charles Apthorp, mtunza fedha wa ujenzi, alikuwa mfanyabiashara aliyeuza pia watu, na ana mnara wa kumbukumbu ukutani kwa Kilatini. Mnara wa Samuel Vassall uliwekwa na jamaa yake mwenye mashamba ya miwa Jamaica. Unasifu ushujaa wake wa kupinga kodi za mfalme na hausemi mali ilitoka wapi. Kusanyiko lenyewe limeyapitia madaftari yake na kuhesabu watu 219 waliokuwa watumwa na kuhusiana na kanisa, na limeamua kuwajengea kumbukumbu.

Kwa mtafsiri tatizo ni neno moja. Madaftari ya ubatizo ya Massachusetts mara nyingi huandika "mtumishi" pale ambapo mtu alikuwa mali. Tukitafsiri hivyo hivyo tunaendeleza uficho. Lakini walikuwapo pia watumishi wa mkataba, Wazungu, waliomaliza miaka yao wakaenda zao. Utaratibu: mtu akitajwa kwa jina moja bila la ukoo, na kando yake kukawa na jina la mwenye mali pamoja na neno la rangi, andika "mtumwa", au "mjakazi" akiwa mwanamke. Ishara ikiwa moja tu, acha "mtumishi" na uweke kinyota. Baada ya kesi za mahakama za mwaka 1783 utumwa ulikosa nguvu ya sheria katika Massachusetts, kwa hiyo kwa hati za baadaye kanuni hii haitumiki.

Yanayofuata

Kamati inapendekeza kusanyiko la mwaka ujao liwe la Waunitari wa Bujumbura, lililoanza mwanzoni mwa miaka ya 2000 na kupata pigo mwaka 2015, kiongozi wake alipokamatwa na baadhi ya waumini kuihama nchi. Hapo hakuna madaftari ya miaka mia tatu. Kazi itakuwa ya mahojiano, kwa Kiswahili, Kirundi na Kifaransa, na walio tayari kuzungumza wametawanyika. Kabla ya mahojiano yoyote mhojiwa asomewe fomu ya ridhaa, achague mwenyewe kama jina lake litokee, na apewe haki ya kufuta alichosema hadi siku ya kuchapa. Sauti zihifadhiwe nakala mbili mahali pawili. Jina la mtu ambaye bado ana jamaa ndani ya nchi lisiandikwe kabisa, hata akiruhusu mwenyewe.

Kwa rasimu ya King's Chapel, wahariri waanze na ukurasa wa fedha, kisha jedwali la tarehe, kisha sura ya kwanza. Katika faharasa ya istilahi, "benchi" ifutwe kila inapotokea na iwekwe "kizimba", isipokuwa katika maelezo ya roshani, ambako watu walikaa juu ya mabenchi kweli.

Mwenyekiti